Hifadhi baada ya maafa: jinsi mbuga za mwambao wa Ziwa Mweru zinavyoweza kurejewa na wanyama wake

Mafuriko yanapopungua au ukame unapokatika, watu wengi hudhani kwamba hatari imekwisha. Kwa hifadhi ya wanyamapori, kipindi kigumu zaidi mara nyingi ndipo kinapoanza. Makala haya yanaeleza namna maafa ya asili yanavyoidhuru hifadhi, hatua zinazochukuliwa kuisaidia, na kwa nini wakazi wa Nchelenge na vijiji vya kandokando ya ziwa wana sehemu kubwa katika jambo hili kuliko wanavyodhani.

Hifadhi mbili nyuma ya ziwa

Nchelenge imelielekea ziwa. Mbele yake, upande wa magharibi, ni maji na ng'ambo ya Kongo. Nyuma yake, upande wa mashariki na kaskazini-mashariki, ziko hifadhi mbili za taifa zilizotangazwa mwaka 1972: Lusenga Plain, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 880 hivi, na Mweru Wantipa, yenye kilomita za mraba 3,134.

Lusenga ni uwanda wa nyasi uliozungukwa na vilima, misitu na vinamasi. Mto Kalungwishi hupita mpakani mwake na kuteremka kwa maporomoko ya Lumangwe, Kabwelume na Kundabwika kabla ya kuingia Ziwa Mweru, kaskazini mwa mji wa Nchelenge. Mweru Wantipa ni ziwa lisilo na kina kirefu, pamoja na vinamasi na vichaka vizito. Jina lenyewe lina maana ya ziwa la matope. Zamani nchi hiyo ilisifika kwa tembo na vifaru weusi. Vifaru hao walitoweka, na tembo wakapungua sana, kwa sababu ya ujangili wa miongo mingi.

Hivyo, hifadhi za mwambao huu zikipatwa na maafa ya asili, zinapatwa zikiwa tayari zimedhoofika. Mgonjwa aliyedhoofika huhitaji uangalizi zaidi anaposhikwa na homa ya pili.

Nchi ya maji yanayopanda na kushuka

Wavuvi wanaujua mwendo wa maji ya Mweru. Mvua inayonyesha mbali kusini na mashariki hujaza kwanza vinamasi vya Bangweulu, nayo maji hutoka humo polepole kwa mto Luapula. Ndiyo maana Ziwa Mweru hufikia kimo chake cha juu kabisa mwezi Mei, mvua zikiwa zimeshakatika, na hushuka kabisa mwezi Januari. Kutoka hapo maji hutoka kwa mto Luvua kuelekea Lualaba na Kongo.

Kupanda na kushuka huku si maafa. Samaki huzaa katika maji yaliyotapakaa, na swala hufuata majani mabichi maji yanaporudi nyuma. Huko Bangweulu, swala aina ya lechwe weusi, ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani, maisha yao yote yamefungamana na mafuriko ya kila mwaka. Maafa hutokea pale maji yanapozidi mno au kupungua mno, na wanyama wakakosa mahali pa kukimbilia.

Ziwa Wantipa limekaribia kukauka zaidi ya mara moja katika karne iliyopita, na moja ya maafa makubwa ya asili yaliyowahi kuikumba Afrika ya kati na kusini lilianzia katika eneo hilo hilo. Kuanzia karibu mwaka 1930 hadi 1944, makundi ya nzige wekundu yaliruka kutoka katika vinamasi vya Wantipa na bonde la Ziwa Rukwa, Tanzania, yakaenea katika sehemu kubwa ya nusu ya kusini ya bara. Mwaka 1949 nchi husika ziliunda huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao, makao yake yakiwa mji unaoitwa leo Mbala. Shirika lililoirithi kazi hiyo liko Ndola hadi sasa.

Historia hiyo ina funzo kwa wahifadhi pia. Dawa za kuua nzige zinaweza kuua ndege, samaki na wadudu wenye manufaa. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozaliana kwa wingi katika tambarare za Iku-Katavi, Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza dawa itokanayo na kuvu, ambayo huwaangamiza nzige bila kuwadhuru viboko, tembo na ndege wa hifadhi. Msaada unaotolewa kwa haraka bila kufikiri unaweza kuwa maafa ya pili.

Mauti huja kwa awamu tatu

Katika awamu ya kwanza mnyama huuawa na janga lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga pwani ya Msumbiji, na mafuriko yakaifunika sehemu kubwa ya Hifadhi ya Gorongosa. Watafiti waliokuwa wamewafunga wanyama vifaa vya kufuatilia mienendo yao waliona jinsi walivyokimbilia mwinuko. Wanyama wadogo, kama pongo na taya, waliumia zaidi kuliko wale wenye maumbo makubwa. Mnyama mdogo huishi mahali pa chini, hawezi kuvuka maji ya kina, na mwili wake hauna akiba ya kumvusha siku za njaa.

Awamu ya pili ni njaa na kiu. Ukame hauna kishindo, lakini huua kwa wingi. Mwezi Novemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba katika muda wa miezi tisa ukame ulikuwa umeua nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, tembo 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49 na twiga 12. Hao ni wale tu ambao mizoga yao ilionekana.

Awamu ya tatu hutokana na binadamu. Wanyama waliojibana juu ya kilima kwa kuogopa maji, au waliokusanyika kwenye dimbwi la mwisho wakati wa ukame, hawana pa kujificha. Nyaya chache za mitego zinaweza kumaliza katika wiki moja kundi lililonusurika mwezi mzima wa mafuriko. Wanaotega nyaya hizo, mara nyingi, ni watu ambao mashamba yao yamesombwa na maji yale yale.

Siku za kwanza: usiiguse mizoga

Hatua ya kwanza baada ya maafa inahusu afya ya watu. Mizoga ya wanyama waliokufa bila kuchinjwa ni hatari, hata kama nyama yake inaonekana nzuri. Ugonjwa wa kimeta husababishwa na bakteria ambao mbegu zake huweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Mafuriko huzifukua na kuzisambaza. Ukame nao huwalazimisha wanyama kula majani mafupi hadi kwenye mizizi, wakameza udongo wenye mbegu hizo.

Zambia ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 2011, wilayani Chama, viboko walikufa kwa kimeta, na watu waliokula nyama yao wakaugua, baadhi yao wakafa. Mwishoni mwa mwaka 2023, wilayani Sinazongwe, wanakijiji walikula nyama ya nyati waliokutwa wamekufa. Kufikia Novemba mwaka huo watu zaidi ya 600 nchini walikuwa wameshukiwa kuugua kimeta, katika mikoa 9 kati ya 10.

Kwa hiyo mkazi anayekuta kiboko, nyati au swala amekufa asimpasue, asimchune wala asimburute mtoni. Ajulishe askari wa wanyamapori, daktari wa mifugo au kituo cha afya kilicho karibu, ili mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina. Taarifa hiyo huwasaidia wahifadhi pia kujua ni aina gani zinazokufa na wapi.

Twiga waliovushwa ziwani

Wakati mwingine wanyama wenyewe hulazimika kuokolewa mmoja mmoja. Mfano ulio karibu na maisha ya watu wa ziwani ni wa hifadhi ya jamii ya Ruko, kwenye Ziwa Baringo, Kenya. Hifadhi hiyo iliundwa na jamii mbili, Ilchamus na Wapokot, ambazo zilikuwa na historia ya uhasama na wizi wa mifugo. Mwaka 2011 walipelekewa twiga wanane wa aina ya Rothschild, wakawekwa kwenye rasi ya Longicharo. Twiga hao walikuwa wanyama adimu, na pia walikuwa alama ya amani.

Kisha maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kupanda. Rasi ikawa kisiwa, na mwaka 2020 kisiwa kikazidi kumezwa. Askari wa hifadhi walikuwa wakivuka kwa mashua kuwapelekea chakula. Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, Northern Rangelands Trust na shirika la Save Giraffes Now waliungana na wanakijiji, ikaundwa jahazi ya chuma yenye kuta ndefu, iliyoelea juu ya mapipa matupu 60.

Ugumu ulikuwa kwamba twiga hawezi kulazwa kwa dawa kwa muda mrefu. Shingo yake na msukumo wa damu yake humweka katika hatari ya kufa akiwa usingizini. Basi askari waliwazoesha kwa subira, wakiwawekea vyakula wanavyovipenda ndani ya jahazi kwa siku nyingi, mpaka wengine wakawa wanaingia wenyewe. Twiga jike aitwaye Asiwa, aliyekuwa ametengwa na wenzake kwenye kipande kidogo cha nchi kavu, alivushwa kwanza, tarehe 2 Desemba 2020. Wa mwisho, Ngarikoni na ndama wake, walivuka mwezi Aprili 2021. Wote tisa walifika salama kwenye eneo lililozungushiwa uzio bara.

Kazi ile ilichukua zaidi ya miezi minne kwa ajili ya wanyama tisa. Inafaa kwa viumbe vilivyobaki vichache sana, lakini haiwezi kufanywa kwa maelfu ya swala. Wao huokolewa kwa njia nyingine: kwa kuachiwa nafasi ya kukimbilia. Mbuga iliyozungukwa na mashamba na makazi pande zote ni sawa na kisiwa, hata kama hakuna maji yanayoizunguka. Ndiyo maana wahifadhi husisitiza kwamba njia za wanyama kati ya nchi ya chini na vilima zisifungwe.

Miezi inayofuata: kulinda muda wa kupona

Baada ya uokoaji huja kipindi ambacho hakivutii kamera. Wakati wa ukame wa Kenya, wahifadhi waligawa nyasi kavu kwa punda milia wa Grevy. Msaada huo huokoa uhai, lakini una mipaka. Chakula kikiwekwa mahali pamoja siku nyingi, wanyama hurundikana, magonjwa huambukizana, na simba na fisi hujua pa kuwavizia. Visima vipya navyo vina mtego wake: kundi linalokaa pembeni mwa kisima mwaka mzima humaliza majani yote ya hapo, na ukame ufuatao hukuta ardhi tupu.

Kwa sehemu kubwa, nchi hujiponya yenyewe. Nyasi za uwanda wa mafuriko huota upya katika msimu mmoja au miwili. Miti ya miombo, inayoifunika sehemu kubwa ya Luapula, huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi. Kinachotakiwa ni muda, na maadui wa muda huo ni wawili: moto na shoka.

Moto unaowashwa mapema, mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita kwa upole na huacha nyuma vizuizi vinavyozuia moto mkubwa. Moto wa Septemba na Oktoba, kila kitu kikiwa kimekauka, huua machipukizi ambayo yangekuwa msitu baada ya miaka kumi. Nao mkaa ukichomwa kwenye mti ule ule uliochipua baada ya maafa, kisiki huchoka. Hifadhi iliyokuwa na uwezo wa kupona hubaki kichaka.

Wanyama hurudishwa lini?

Wanyama wakishapungua, wengi hutaka waletwe wengine mara moja. Lusenga yenyewe imewahi kuletewa wanyama kutoka sehemu nyingine za nchi ili kujaza pengo lililoachwa na ujangili. Lakini mnyama aliyeletwa kwa lori huingia katika nchi asiyoijua, hajui maji yalipo wala hatari ilipo. Kama kilichowaua waliotangulia bado kipo, atakufa kama wao, na gharama yote itakuwa imepotea.

Mfano bora uko hapa hapa Zambia. Vifaru weusi walitangazwa kuwa wametoweka kabisa nchini mwaka 1998. Katika Hifadhi ya Luangwa Kaskazini, Shirika la Wanyama la Frankfurt lilikuwa likifanya kazi na serikali tangu mwaka 1986: kufundisha askari, kufungua njia, kujenga uhusiano na machifu na vijiji. Vifaru watano wa kwanza waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2003. Miaka 17 ya ulinzi ilitangulia safari moja ya kuwaleta wanyama.

Jirani mwenye njaa, jirani mwenye haki

Kimbunga Idai kilipopita, wafanyakazi wa Gorongosa hawakuanza na swala. Walitumia helikopta, mashua na magari ya hifadhi kuwapelekea chakula wanavijiji waliozingirwa na maji. Huo ulikuwa utu, na ulikuwa pia uhifadhi. Familia iliyopata unga haina haja ya kutega waya usiku ule, na mtu aliyeokolewa na askari wa mbuga hatamficha jangili kwake.

Mweru lina somo lake katika jambo hili. Wazee wa Luapula wanakumbuka mpumbu, samaki aliyepanda mto kwa makundi makubwa mvua zilipoanza, ili kutaga mayai. Kufikia katikati ya karne ya 20, nyavu zilizotegwa katika njia ya uzazi wake zilikuwa zimeyamaliza makundi hayo. Ziwa lilishapita miaka ya ukame na ya mafuriko, na mpumbu akastahimili yote. Hakustahimili kukatwa njia yake katika wiki chache ambazo alihitaji kuachwa. Marufuku ya uvuvi ya kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ina mantiki hiyo hiyo, nayo hifadhi iliyotoka kwenye maafa inahitaji msimu wake wa kufungwa vivyo hivyo.

Lakini marufuku bila riziki mbadala haishiki. Sheria ya wanyamapori ya Zambia inaziruhusu jamii kuunda bodi za rasilimali, zinazoshirikiana na Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori na kupata sehemu ya mapato ya uwindaji halali. Mahali ambapo wanyama wamekwisha, mapato hayo ni kidogo au hayapo. Hapo ndipo fedha za misaada baada ya maafa zinapofaa zaidi: kuwalipa wenyeji kama askari wa doria, wang'oaji wa mitego, watengeneza njia na walinzi wa moto. Fedha hizo hufika nyumbani kwa watu katika mwaka ule ule ambao shamba halikutoa kitu.

Suala hili linawagusa pia wazungumzaji wa Kiswahili waliofika hivi karibuni. Makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko nchini Kongo, na yalipangwa ili wakimbizi na Wazambia waishi na kulima jirani. Kama vijiji vyote vya Luapula, makazi hayo hutegemea kuni na mkaa. Mpango wa kuokoa hifadhi ambao hauwataji wakimbizi, au unaowataja kama waharibifu tu, utashindwa. Wapo miongoni mwao wavuvi, wakulima na watu waliokulia karibu na mbuga za Upemba na Kundelungu. Ujuzi huo ni mali, ukiombwa kwa heshima na kulipwa.

Mambo ambayo mkazi anaweza kufanya

Kwanza, kutoa taarifa ya mizoga na ya wanyama walionaswa au waliotengwa na maji, badala ya kuwakaribia au kuwafukuza. Mnyama aliyechoka akikimbizwa, hufa.

Pili, kuwasha moto wa shamba mapema katika msimu, na kuulinda hadi uzimike.

Tatu, kuacha visiki vichipue na kupanda miti ya kuni karibu na nyumba.

Nne, kuhudhuria mikutano ya bodi ya rasilimali ya jamii na kuuliza fedha za misaada zimetumikaje. Mara nyingi swali linaloulizwa hadharani hulinda mbuga kuliko uzio.

Hakuna awezaye kuzuia mvua isizidi au isikose. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba maji yanapopungua, wanyama wachache waliosalia wanapata msimu mmoja wa utulivu, kisha wa pili. Kwa Lusenga na Wantipa, misimu hiyo iko mikononi mwa watu wanaolala karibu nazo.